Anacheza kila usiku na bado hajui kazi yake: kutafuta kasoro ilipo

Kila kundi linalocheza gemu pamoja lina mtu wa aina hii. Kachagua tanki, yule wa kutangulia na kupokea mapigo kwa niaba ya wenzake, lakini vita ikianza yuko nyuma ya mpigaji wa mbali. Kachagua mponyaji, lakini utamkuta pembeni mwa ramani akimfukuza adui aliyebakiwa na damu kiduchu. Msimu unaisha, mwingine unaanza, na yeye ni yuleyule. Wenzake wameshamhukumu: kichwa chake hakishiki.

Mhamishie nafasi ya kuua uone. Mara nyingi mtu huyohuyo hushika haraka tu, na hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi. Nafasi ya kuua humfundisha mchezaji bila mwalimu: umekosa shabaha, umeona, umeingia vibaya, umekufa, na skrini imegeuka ya kijivu mbele yako. Nafasi za kuwatumikia wenzako hazina adhabu ya namna hiyo. Kipa akizembea, mpira uko wavuni kwake na uwanja mzima unamtazama. Tanki akizembea, anayekufa ni mpigaji wa mbali, na tanki anaondoka mzima, vifo sifuri, akijiona kacheza kwa akili. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini, swali la kwanza ni moja: kosa lake linaonekana kwenye skrini ya nani?

Mifano mingi naitoa kwenye Mobile Legends: Bang Bang, gemu ya timu mbili za watu watano watano, kwa sababu inachezwa kwenye simu na nafasi zake zimegawanywa wazi. Pale ambapo gemu nyingine inaonyesha jambo vizuri zaidi, nitaitaja.

Anza na mtandao na simu

Dalili: ujuzi wake (mapigo maalumu ya shujaa anayemtumia) unatoka ukiwa umechelewa, ndoano ya shujaa Franco inapita pale adui alipokuwa, na yeye mwenyewe anatembea kwa kurukaruka.

Huyu huenda anaijua kazi yake vizuri kabisa. Mchezaji wa Mwanza au Mombasa mara nyingi anaunganishwa na seva iliyo mbali. Dota 2, kwa mfano, ina seva Dubai na Afrika Kusini, na kwa gemu nyingine njia inaishia Ulaya. Tazama namba ya pingi, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, kwenye kona ya skrini yake. Chini ya milisekunde 80 hana kisingizio. Ikipanda juu ya 150, kazi zinazotegemea sehemu ya sekunde, kama kumkatiza adui anayeanza kutumia ujuzi wake mkubwa, zinakuwa bahati nasibu.

Halafu kuna simu. Simu yenye kumbukumbu ndogo huenda vizuri muda wote, kisha inagoma dakika ileile wachezaji kumi wanapokutana sehemu moja, yaani dakika ambayo tanki na mponyaji wanahitajika. Jaribio ni rahisi: mwazime simu nzuri au muunganishe kwenye Wi-Fi ya mtu kwa jioni moja. Akibadilika, tatizo halikuwa kichwa. Mpe nafasi isiyodai haraka mpaka apate kifaa au bando la uhakika, na acheni kumsema.

Tanki anayekaa nyuma

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi, na ina chanzo zaidi ya kimoja. Usimtibu mtu kabla hujajua ni kipi.

Fungua historia ya mechi, chagua iliyopotea, angalia marudio yake. Usianzie pale timu ilipokufa. Rudi nyuma, kama sekunde kumi na tano kabla Turtle wa kwanza (mnyama mkubwa wa mtoni ambaye timu zote mbili humgombania) hajatoka kwenye dakika ya pili, umfuate tanki peke yake. Tuseme anatumia shujaa Tigreal. Kazi yake kwa wakati huo ni kuwa mtoni kabla ya kila mtu na kuingia kwenye kichaka ambacho hamjui kina nani. Akimgusa adui humo ndani, timu nzima inaona. Asipomkuta mtu, eneo ni lenu, na mchezaji wa msituni, anayewinda wanyama wa ramani, anaweza kumpiga Turtle bila wasiwasi.

Sasa tazama anachofanya. Kuna tanki ambaye wakati huo yuko njia ya dhahabu, ile ya mpigaji wa mbali, anasaidia kuua vijeshi vidogo ambavyo dhahabu yake ingemfaa mpigaji wa mbali. Anaona anasaidia. Turtle anatoka, mchezaji wa msituni anaingia peke yake, kile kichaka kina watu watatu, na yeye Tigreal anafika wakati mwenzake ameshalala. Skrini yake yeye inamwonyesha nini? Damu imejaa, hajafa hata mara moja. Hakuna kitu kwenye gemu kilichomwambia kwamba kifo kile ni chake.

Hicho ni chanzo cha kwanza, kutojua saa ya kazi, na ndicho chepesi kutibu. Mpe saa tu: Turtle dakika ya pili, Lord (mnyama mkubwa kuliko Turtle) dakika ya nane, na kila mara awe amefika kabla yao.

Chanzo cha pili ni woga wa jedwali la mwisho. Mtu akizoea kuchekwa kwa sababu ya vifo vyake, atacheza ili asife, na tanki asiyetaka kufa hana faida kwa mtu. Huyu utamtambua kwa takwimu za baada ya mechi. Acha safu ya kuua na kufa. Nenda kwenye madhara aliyopokea na ushiriki wake kwenye vita vya timu. Tanki mwenye vifo vichache, madhara madogo aliyopokea na ushiriki mdogo amejificha mechi nzima. Ila zisomwe pamoja. Madhara mengi peke yake hayatoshi kumsifu, kwani huenda alikuwa anapigwa peke yake huko pembeni bila faida.

Chanzo cha tatu hakisemwi sana: aliwahi kutangulia, hakuna aliyemfuata. Tigreal anatumia Flicker kuruka mbele ghafla, anawavuta maadui wanne kwa Implosion, ujuzi wake mkubwa, na nyuma yake hakuna mtu. Wenzake wako kwenye vijeshi. Anakufa, anaandikiwa maneno. Ikitokea hivyo mara kadhaa, tanki yeyote mwenye akili timamu ataacha kuingia. Marudio ya mechi yataonyesha hili wazi, na ukiliona, wa kurekebishwa si yeye.

Linganisha na mchezaji wa msituni. Akitumia Retribution, pigo lake la kummalizia mnyama, mapema mno, Lord anaibiwa na adui mbele ya macho ya watu kumi. Kosa hilo halihitaji mwalimu, na ndiyo maana wachezaji wa msituni huacha kulirudia mapema.

Mponyaji anayepigana

Hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu dalili inaweza kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Chukua Moira, mponyaji wa gemu ya Overwatch. Dawa anayowapulizia wenzake inaisha, na namna ya kuijaza haraka ni kumpiga adui. Kwa hiyo Moira asiyepigana kabisa ni Moira asiye na dawa. Mtu akikwambia "mponyaji wetu anapiga tu," muulize kwanza ni shujaa gani. Kisha angalia kitu kimoja: mwenzake alipokuwa anakufa, dawa ilikuwepo au haikuwepo? Kama ilikuwa imejaa na yeye anamfukuzia mtu, huo ni ugonjwa. Kama ilikuwa imekauka kwa sababu ametoka kuitumia yote kwa tanki, tatizo liko kwa tanki aliyesimama mahali ambapo dawa ya timu nzima haimtoshi.

Chanzo cha ugonjwa wenyewe ni kwamba kuponya hakuna sauti. Ukiua, gemu inatangaza, jina lako linapita juu ya skrini. Ukimwokoa mtu, anaendelea na shughuli zake na hata hajui alikuwa anakufa. Dawa yake ni ya kijamii zaidi kuliko ya kiufundi: yule aliyeokolewa aseme kwenye maiki, palepale. Inaonekana jambo dogo, lakini timu zinazofanya hivyo hazihangaiki kutafuta mponyaji.

Akiwa peke yake ni moto, kwenye kundi hajulikani

World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, ndiyo mahali pazuri pa kulielewa hili. Mtu anapandisha mhusika wake kwa saa nyingi akiwa peke yake, anaua mnyama mmoja baada ya mwingine. Kisha anaingia shimoni, eneo la maadui wagumu, na wenzake wanne, jumla watano: tanki mmoja, mponyaji mmoja, wauaji watatu. Ghafla tanki anatakiwa awakusanye maadui wote wamchukie yeye, amgeuze bosi asiwaangalie wenzake, akatize uchawi, na ajue ni lini atumie kinga yake kubwa. Kwenye zile saa zote za kupanda peke yake hakuna kazi hata moja kati ya hizo iliyohitajika. Alifaulu mtihani wa somo lingine.

Desemba 2009 gemu hiyo ilianza kukusanya makundi yenyewe, ikichanganya watu wa seva mbalimbali. Foleni ya kusubiri kundi ilipungua sana. Lakini kabla ya hapo ulicheza na watu wa seva yako, mliojuana majina, na aliyekuwa hajui alielekezwa kwa sababu mngekutana tena kesho. Baada ya hapo mwenzako ni mgeni usiyetarajia kumwona tena. Nani atapoteza dakika kumi kumfundisha? Anatolewa kundini kwa kura, au wengine wanaondoka, na hakuna anayemwambia kwa nini.

Foleni ilileta jingine. Matanki walikuwa wachache, wauaji wengi, hivyo tanki aliingia papo hapo na muuaji alisubiri. Mwaka 2011 ikaongezwa zawadi kwa nafasi iliyopungukiwa watu. Matokeo yake unaweza kuyakisia: watu walichagua tanki kwa ajili ya mfuko wa zawadi, kazi ya tanki hawaitaki. Ukikutana na mtu wa namna hii usimfundishe chochote kabla ya kumuuliza kwa nini alichagua nafasi hiyo. Jibu likiwa "foleni ni fupi," umeshamaliza uchunguzi.

Waundaji walijaribu tiba. Mwaka 2013 waliweka uwanja wa majaribio wa kila nafasi, na mwaka uliofuata wakaamuru kwamba bila medali ya fedha huingii mashimo magumu kwa foleni ya kawaida. Sharti hilo halikuishi zaidi ya toleo lile. Final Fantasy XIV ilikwenda kwa upole: tangu 2016 ina darasa ambalo tanki, mponyaji na muuaji kila mmoja anapewa mazoezi mafupi ya kazi yake, na ukimaliza unavishwa vifaa vinavyokusaidia kupanda haraka. Kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo njia sahihi, kwa sababu kosa linatengenezewa chumba chake: ukishindwa kazi ya tanki, unashindwa wewe, na hakuna mpigaji wa mbali wa kufa kwa niaba yako.

Kwenye simu mnaweza kulitengeneza darasa hilo wenyewe. Fungueni mechi binafsi dhidi ya kompyuta, kundi zima, na mkubaliane kwamba hakuna anayempiga adui mpaka tanki awe amempiga kwanza. Tanki akichelewa, wote mnasimama mkimtazama. Mechi itakuwa ya ajabu kidogo, na inafundisha kuliko video yoyote.

Ana miaka kwenye gemu na hajabadilika

Watu hushangaa: inawezekanaje mtu acheze muda wote huo asijue? Inawezekana kirahisi, kwa sababu mfumo wa kupanga mechi unamficha.

Kazi ya mfumo huo ni kukutafutia wapinzani mnaolingana, kiasi kwamba ushinde takriban nusu ya mechi zako. Mtu asiyejua kazi ya tanki anapoteza, anashushwa, anashushwa tena, mpaka anafika kwenye daraja ambalo hata matanki wa upande wa pili hawaijui. Hapo anaanza kushinda nusu. Akitazama rekodi yake anaona asilimia 50, sawa na ya mtu yeyote, naye anaamini yuko vizuri ila anaangushwa na wenzake. Tena huwa ana ushahidi, maana kwenye daraja lile wenzake kweli ni wabovu.

Mobile Legends inaongeza pazia jingine. Kuna pointi zinazolinda nyota yako ya kupandia daraja usiipoteze ukishindwa, kwa hiyo mwenye muda na bando anaweza kupanda kwa wingi wa mechi tu. Ndiyo maana utakutana na mtu mwenye nembo ya Mythic, daraja la juu, asiyejua kichaka kinakaguliwa na nani. Nembo inakwambia pia muda aliokaa; usiichukulie kuwa cheti cha nafasi.

Tiba: acheni kumpima kwa kushinda na kushindwa. Mpimeni kwa kitu kimoja kinachotoka mikononi mwake. Kwa mchezaji wa sapoti wa Dota 2, hesabuni wadi za kuonea ramani zilizobaki mkononi mwake mechi ikiisha. Siku hizi hazinunuliwi, dukani zinajaa zenyewe kila baada ya muda, kwa hiyo mtu anayemaliza mechi akiwa nazo mfukoni hana pa kujitetea kwa dhahabu. Kwa mponyaji, tafuteni vifo vya wenzake vilivyotokea wakati dawa ipo. Kipimo kiwe kidogo na kiwe chake, asiweze kusema "timu."

Kila mechi nafasi mpya

Hili lina jibu fupi. Hajifunzi kwa sababu hakai. Wakati mwingine si hiari yake: League of Legends tangu 2016 inakuuliza nafasi mbili unazopenda, na bado inaweza kukutupa kwenye ya tatu foleni ikibana. Ukicheza peke yako huna la kufanya. Mkiingia kundi kamili mnagawana wenyewe, basi gawaneni mara moja na msiguse kwa wiki mbili. Shujaa mmoja, au wawili ikiwa wa kwanza huzuiliwa sana na wapinzani kabla ya mechi.

Anajua, hataki

Dalili: mwulize tanki afanye nini, atakueleza vizuri kukuzidi wewe. Kwenye mechi hafanyi.

Makundi yetu mengi ni ya ndugu na watu wa mtaa mmoja, na nafasi hugawanywa kwa ukubwa. Kaka mkubwa anachukua mpigaji wa mbali, mwenye hotspot anachukua msitu, na mdogo wa mwisho anaambiwa "wewe tanki." Hakuulizwa. Miaka inapita, bado anaitwa tanki, na kila akipata upenyo anakimbia kuua, halafu mnasema hajifunzi. Kasoro hii huwezi kuitibu kwa maelekezo. Mpeni mechi za nafasi anayoitaka, kwa zamu inayojulikana, kisha ndiyo mdai kazi kwenye zamu yake ya tanki.

Namna ya kumwambia nayo ina uzito wake. Kumpigia kelele katikati ya vita hakufai kitu, kwa sababu anayepigana hawezi kusikiliza sentensi ndefu, anachosikia ni hasira tu. Ongea kabla ya mechi, kazi moja, yenye mahali na saa:

"Dogo, mechi hii nakupa kazi moja tu. Turtle akikaribia kutoka, wewe ndiye wa kwanza kuingia kichaka cha mtoni."

"Nikifa je, kaka?"

"Ukifa humo kichakani hakuna atakayefungua mdomo. Ukifa huku nyuma yetu ndiyo tutasemana."

Ona alichouliza dogo. Hakuuliza vipi, wala lini. Aliuliza kuhusu lawama, na mpaka apate jibu la hilo hakuna kichaka atakachoingia. Mechi ikiisha, zungumzieni kichaka tu. Hata kama mmepoteza kwa njia ya kuaibisha, kama aliingia, hiyo ni kazi imefanyika, na mechi ijayo anaongezewa ya pili.

Ikiwa yote hayo yamejaribiwa na bado hakuna mabadiliko, mbadilishane. Anayelalamika zaidi, ambaye kwa kawaida ni mpigaji wa mbali, achukue tanki kwa jioni nzima, na dogo achukue nafasi yake. Hapa huwa yanajitokeza mambo ambayo marudio ya mechi hayakuyaonyesha: kwamba ukiwa mbele huoni kama wenzako wamekuja, kwamba ishara ya kuita kwenye ramani hakuna anayeitumia, kwamba kuna mtu huwa anageuza kurudi nyuma bila kusema. Mpigaji wa mbali hakawii kuomba arudishiwe nafasi yake. Mrudishieni kwa sharti: tanki akiingia, yeye awe hatua chache nyuma yake, na vijeshi vya njia ya dhahabu visubiri.